Maji Chini ya Mchanga

Kusini-mashariki ya Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya, iko Ukambani, ambayo leo imegawanyika katika kaunti tatu: Machakos, Makueni na Kitui. Ni nchi ya vilima na mabonde yenye mito mingi. Lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka mito hiyo ni mito kwa jina tu. Mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Inapokuja, aghalabu huja kwa kishindo. Mafuriko hushuka kutoka vilimani yakibeba udongo na miti, hupita kwa saa chache, kisha hutoweka. Kinachobaki ni ukanda mrefu wa mchanga unaochomwa na jua. Mgeni anayeupita mwezi wa Septemba atasema kwamba hapo hapana maji. Mwenyeji hasemi hivyo. Huenda mtoni na jembe na kata, akachimba mchangani mpaka afikie unyevu, akangoja, na maji yakachuruzika taratibu.

Ujuzi huo wa kuchimba mchanga ni wa kale, nao wajulikana pia na watu wa Dodoma, wanaochimba vivyo hivyo katika mito yao ya kiangazi. Jambo linalostahili kuelezwa ni namna watu wa Ukambani walivyouchukua ujuzi huo wa wazee, wakauongezea ukuta wa mawe na saruji, wakayafufua na matuta yaliyokuwa yameachwa kubomoka, na kwa njia hiyo wakapunguza ukali wa ukame katika vijiji vingi.

Habari hii si ya wakulima na wahandisi peke yao. Yamhusu pia askari wa jeshi na wa polisi. Katika sehemu kavu za Afrika Mashariki, maji yakikauka, wa kwanza kuumia ni mwanamke anayetembea na dumu mgongoni toka alfajiri. Anayemfuata ni mfugaji anayevuka mpaka wa kijiji cha wengine kutafuta mahali pa kunyweshea. Ugomvi huanza kwa maneno, huendelea kwa fimbo, na siku hizi huishia kwa risasi. Hapo ndipo askari huitwa. Mwaka 2012, katika kaunti ya Tana River, inayopakana na Kitui upande wa mashariki, ugomvi wa Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji juu ya maji, ardhi na malisho, uliochochewa pia na siasa, uliua watu zaidi ya 100. Miongoni mwa waliouawa tarehe 10 Septemba mwaka huo katika kijiji cha Kilelengwani walikuwamo askari polisi 9. Askari hao walitumwa kuzima moto ambao kuni zake zilikuwa zimekusanywa kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu anayejenga mahali pa kuhifadhia maji katika nchi kavu anafanya kazi ya ulinzi, hata kama hakuvaa sare.

Bwawa la mchanga, kama linavyoitwa huko, hufanya kazi kwa njia nyepesi kuelezwa. Ukuta hujengwa kukata mto kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Msingi wake hukaa juu ya mwamba, na urefu wake kwa kawaida ni kati ya mita 1 na 4. Mafuriko yanapofika ukutani, mwendo wake hupungua. Mchanga mzito hutua chini, na tope jepesi hupita juu ya ukuta na kwenda zake. Baada ya misimu kadhaa ya mvua, nyuma ya ukuta kumejaa mchanga mtupu. Asiyejua husema bwawa limeharibika. Kumbe hapo ndipo limekamilika, kwa sababu kati ya chembe na chembe ya mchanga huo kuna nafasi, na nafasi hizo zimejaa maji.

Faida yake ni kubwa kuliko ya lambo la wazi. Katika nchi hizo jua na upepo huweza kukausha karibu mita 2 za maji ya wazi kwa mwaka, hivyo lambo lenye kina cha mita 2 laweza kwisha bila ya mtu kulichota. Maji yaliyomo mchangani hayafikiwi kwa urahisi na jua yakishashuka kina cha mkono mmoja hivi. Mbu hawapati mahali pa kuzalia, na mifugo haiwezi kuyakanyaga na kuyachafua. Kadhalika mchanga huyachuja, ingawa ni vyema bado kuyachemsha kabla ya kunywa.

Hesabu ndogo yaweza kuonyesha ukubwa wa hazina hiyo. Tuchukue mto wenye upana wa mita 20. Ukuta umeinua mchanga mita 3, na mchanga huo umerudi nyuma mita 300, ukipungua kina kadiri unavyokwenda mbali na ukuta. Mchanga wote utakuwa kiasi cha mita za ujazo 9,000. Iwapo robo tu ya ujazo huo ni maji yanayoweza kuchotwa, hayo ni lita 2,250,000. Kijiji cha kaya 100, kila kaya ikitumia lita 100 kwa siku, kitayatumia kwa siku 225. Kiangazi kirefu cha Ukambani, kutoka Juni hadi Oktoba, kina siku 153. Ndiyo kusema kwamba mto ule ule ambao zamani ulikauka mapema waweza sasa kuwafikisha watu kwenye mvua inayofuata.

Lakini wepesi huo wa maelezo usimdanganye mtu. Ukuta usiokaa juu ya mwamba hupenyeza maji chini yake. Ukuta ambao mabawa yake hayakuingizwa vya kutosha katika kingo za mto huzungukwa na mafuriko, na baada ya msimu mmoja mto hupita kando na ukuta hubaki umesimama peke yake kama sanamu. Ukuta ulioinuliwa wote kwa mara moja, mahali ambapo mto hubeba tope jingi, hukusanya tope badala ya mchanga, na tope hushika maji bila ya kuyaachia. Ndiyo maana pengine huinuliwa kwa hatua, kidogo kidogo, ili kila msimu ulete mchanga wake. Tena mito mingine haifai kabisa, ama kwa kuwa mwamba uko mbali mno chini, ama kwa kuwa vilima vyake havina mawe ya kuzaa mchanga.

Katika kuchagua mahali pa kujenga, mhandisi hupima mwamba na mteremko. Hata hivyo swali la kwanza huulizwa wazee na akina mama: wapi katika mto huu maji yalidumu zaidi mwaka ule wa njaa? Jibu lao lina miaka mingi ndani yake. Mahali ambapo visima vya mchangani vilichelewa kukauka mara nyingi ni mahali ambapo mwamba umeinuka chini ya mchanga na kuyazuia maji. Maumbile yalikwisha jenga ukuta mdogo hapo. Binadamu anauongeza tu.

Kazi ya mtoni, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko mlimani. Vilima vikiwa vitupu, mvua huporomosha udongo wa mashamba na kuujaza mtoni. Ndipo yanapoingia matuta yanayojulikana sasa katika vitabu vya kilimo duniani kote kwa jina lao la Kiswahili, fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa mlima, na udongo anaochimba huutupa upande wa juu. Askari aliyezoea handaki ataelewa mara moja: tuta ndilo kingo, na adui ni maji yanayoteremka. Udongo unaosombwa na mvua hukwama nyuma ya tuta, na mwaka baada ya mwaka shamba la mteremko hugeuka kuwa ngazi. Maji yaliyokuwa yakikimbia sasa huzama ardhini, hulisha mahindi na kunde, kisha huteremka chinichini mpaka mtoni.

Matuta hayo yana historia yenye uchungu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya iliona kwamba ardhi ya Machakos inamomonyoka, na katika hilo haikukosea. Ilichokwepa kusema ni kwamba Wakamba na ng'ombe wao walikuwa wamebanwa katika hifadhi, huku ardhi nzuri kama ile ya vilima vya Mua ikiwa imegawiwa walowezi. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, katika wakati ambapo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa huko Athi River. Watu wakakataa. Umati wa wanaume, wanawake na watoto, ukiongozwa na Muindi Mbingu, ulitembea kwa miguu hadi Nairobi na kupiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, ukidai kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Lakini serikali ililazimika kuacha kunyang'anya ng'ombe, na sababu moja ya kuacha ilikuwa ya kijeshi: Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la KAR na katika polisi, na wakoloni waliogopa kwamba hasira ya vijijini ingeingia kambini.

Baada ya vita vya pili vya dunia matuta yalirudi, safari hii kwa kazi ya lazima chini ya amri za machifu. Kitu kinachochimbwa kwa amri huangaliwa kwa macho ya amri. Watu wengi walichimba ili wasitozwe faini, wala hawakujali kama tuta litasimama au litaanguka. Huku Tanganyika mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliyakataa matuta ya kulazimishwa, ghasia zikazuka na damu ikamwagika.

Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo, kulikuwa na matuta mengine yaliyochimbwa pasipo amri. Baadhi ya askari waliorudi vitani walikuwa wameyaona mashamba ya ngazi huko India, walikopelekwa kabla ya mapigano ya Burma. Walipofika nyumbani Machakos, watu walianza kuchimba ya namna hiyo katika mashamba yao, wakalima mboga na kuziuza Nairobi. Hawa waliyatunza matuta yao, kwa kuwa faida ilikuwa yao. Hivyo kilima kimoja kikawa na matuta ya aina mbili: ya mwenyewe yakasimama, na ya amri yakabomoka.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, kazi ya matuta ililegea katika sehemu nyingi. Ilikuwa vigumu kwa watu kupenda kitu kilichokuwa kimefungamana na faini na chifu. Mmomonyoko ukaendelea, na njaa za miaka ya 1970 zikawakumbusha watu kilichopotea. Ndipo yalipofufuliwa, lakini kwa njia nyingine. Wakamba wana desturi iitwayo mwethya, ambayo ni sawa na msaragambo wa watu wa Tanga: majirani hukusanyika, hufanya kazi katika shamba la mmoja wao leo, na kesho huenda kwa mwingine, mpaka wote wamezungukiwa. Vikundi vya mwethya, vingi vikiwa vya akina mama, ndivyo vilivyochimba upya matuta ya Machakos. Serikali ilisaidia kwa vifaa na wataalamu, kwa msaada wa Sweden kuanzia mwaka 1974. Rais Daniel arap Moi naye, baada ya kushika madaraka mwaka 1978, alijulikana kwa kwenda Ukambani na maofisa wake kujenga makinga ya mawe yaliyofungwa kwa waya katika makorongo.

Kuta za mtoni zilipita njia hiyo hiyo. Baadhi zilikuwa zimejengwa katika miaka ya 1950, na chache kati ya hizo zilidumu. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha kujisaidia huko Utooni, Machakos, wakaanza kujenga wenyewe. Katika miaka ya 1990 shirika la SASOL lilianza kazi hiyo katika Kitui, na tangu hapo mamia ya kuta yamejengwa, pengine moja baada ya nyingine katika mto mmoja. Utaratibu unafanana kila mahali. Wanakijiji hutoa mawe, mchanga, maji na nguvu zao. Shirika hutoa saruji, nondo na fundi. Kamati ya wanakijiji huamua nani achote wapi, mifugo inyweshwe upande gani, na nani alipe asipofika kazini. Mtu aliyebeba mawe kwa wiki tatu hatakaa kimya akiona ufa katika ukuta huo.

Matokeo yake yaonekana katika hesabu ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo iliingiza ndani yake Makueni ya leo, ilikuwa na watu wapatao 240,000, na wataalamu wa kikoloni walidhani wamekwisha kuwa wengi kupita kiasi. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Juu ya hayo utafiti uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua, siyo kuongezeka. Mikono ile iliyodhaniwa kuwa mzigo kwa ardhi ndiyo iliyoitengeneza.

Leo hazina hiyo ina adui mpya, na adui huyu ni wa polisi hasa. Nairobi na miji mingine inajengwa kwa kasi, na ujenzi hutaka mchanga. Malori huingia katika mito ya Machakos na Makueni, aghalabu usiku, na kuondoka yamejaa. Wenye malori huona mchanga tu. Lakini lori lililobeba mita za ujazo 8 za mchanga limeondoa nafasi ya kuhifadhia lita 2,000 za maji, na hasara hiyo hurudi kila msimu mpaka mto ulete mchanga mwingine. Mto ukichotwa mpaka mwamba, mafuriko hupita bila ya kuacha chochote. Vijana wa vijijini wamechoma malori, matajiri wa mchanga wamekodi wababe, watu wameuawa. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia.

Sheria hiyo ni nzuri, lakini sheria haisimami barabarani usiku. Anayesimama ni askari. Askari anayepokea chochote ili lori la mchanga wa wizi lipite ameuza maji ya kijiji, na ameukata mzizi wa kazi ya miaka mingi ya akina mama waliobeba mawe. Huenda yeye mwenyewe, au mwenzake, akaitwa kijiji hicho hicho miaka miwili baadaye kutenganisha watu wanaopigania kisima. Kinyume chake, askari anayelizuia amelinda mali ambayo haina stakabadhi wala kufuli, na ambayo mwenye nayo hawezi kuilinda peke yake.

Haifai kudai kwamba kuta na matuta vimemaliza ukame. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika na kaskazini na mashariki ya Kenya. Mto usiopata mafuriko haujazi mchanga wake, hata ukuta uwe imara namna gani. Aidha, maji yakiwa mengi mahali pamoja huvuta mifugo ya mbali. Wafugaji wa ngamia kutoka Tana River na Garissa huingia Kitui wakati wa kiangazi, na mapigano ya kuua yametokea. Kwa hiyo ujenzi wa maji hutaka pia mapatano, yaani wageni wajue lini na wapi wanyweshe, na wenyeji wakubali kwamba mwenye kiu hafukuzwi. Mapatano ya namna hiyo yakisimamiwa na wazee mapema, mbele ya mkuu wa kituo cha polisi, huokoa risasi nyingi.

Kwa Tanzania habari hii si ya ng'ambo. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kwa upande wa pili, mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili za Wasukuma huko Shinyanga, na majani na miti ikarudi mahali palipokuwa jangwa. Mwenye ujuzi alikuwa mzee wa kijiji. Serikali ilifanya kazi ya kumpa nafasi. Mito ya mchanga iko Dodoma na Singida, mawe yapo, na watu wanaojua mahali maji yanapojificha wangali hai.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watu wa Ukambani waliinama kwanza kwa kulazimishwa, wakakataa. Kisha wakainama kwa hiari yao, wakapata maji. Ukuta mmoja wa mita 3 katika mto usio na jina kubwa hautajwi katika habari za dunia. Lakini mahali uliposimama, kisima hakikauki mwezi wa Septemba, mifugo hainyweshwi kwa mtutu wa bunduki, na kituo cha polisi kilicho karibu hulala usiku. Wajibu wa askari, wa Kenya na wa kwetu, ni kuutambua ukuta huo kuwa ni ngome, na kuulinda pamoja na mchanga ulio nyuma yake.